Meno ya juu yamekatika katikati: weka gundi pembeni, kwanza tujue kilichoyakata

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Urambo. Nina meno bandia ya juu yote, nilitengenezewa mwaka 2015. Chini bado nina meno yangu sita ya mbele, magego yaling'olewa zamani. Wiki tatu zilizopita meno bandia yalikatika katikati nikiwa nakula ugali na kisamvu, wala sikuuma mfupa. Mwanangu akayaunga kwa supa gluu, yakakaa siku nne yakakatika palepale, akayaunga tena. Sasa yanacheza na yamenitoa kidonda kwenye kaakaa. Jumuiya nimeacha kwenda, maana siwezi kusali kwa sauti mbele za watu. Je, yanatengenezeka au ni kuanza upya? Na je, ni lazima nisafiri hadi Dar?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Pole kwa kidonda, na pole zaidi kwa kukosa jumuiya. Wako watu wanaodhani meno bandia ni urembo tu. Mimi nimo kwenye kazi hii hapa Tabora na naona kinachompata mtu akiyakosa: anaanza kula peke yake, anaitikia salamu amejiziba mdomo kwa mtandio, mwisho anajifungia ndani. Kwa hiyo swali lako nalichukulia kwa uzito wote.

Kwa kifupi, yanatengenezeka, na Dar si lazima. Lakini meno yanayokatika katikati kwa tonge la ugali yalikuwa yameshachoka siku nyingi kabla ya tonge hilo. Tukiyaunga tu na kukurudishia, yatakatika tena. Yale meno sita ya chini uliyoyataja ndiyo yanayonionyesha tatizo liko wapi, nami nitayafikia baada ya haya ya haraka.

La haraka kabisa ni kuyavua leo na usiyavae tena mpaka yatengenezwe, hata kwa saa moja ya ibada. Kingo za mkatiko ni kali, na kidonda ulichonacho kitaendelea kuchimbika kila ukitafuna. Hatari iliyo kubwa kuliko kidonda ni kipande kuachia ghafla ukiwa unakula au umelala, kikaingia kooni. Ikitokea hivyo, kwako au kwa yeyote anayesoma hapa, usifanye lile tulilozoea la kumeza tonge kubwa la ugali ili lisukume, kama watu wanavyofanya wakikwamwa na mwiba wa samaki. Kipande cha meno bandia kina kona na pengine kina waya. Kikisukumwa kinaweza kuchana koo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na uchukue vipande vilivyobaki ili daktari aone ukubwa na umbo la kilichopotea. Mwambie wazi kwamba ni meno bandia, kwa sababu plastiki yake kwa kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei. Mtu anaweza kupigwa picha, ikatoka safi, akaambiwa arudi nyumbani na kipande bado kimo. Mate yanayomwagika kwa kushindwa kumeza, maumivu ya kifua, kikohozi kilichoanza ghafla au pumzi kubana si mambo ya kusubiri asubuhi.

Kidonda chako, meno yakikaa nje, kinatakiwa kianze kupona ndani ya siku chache. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Zikipita wiki mbili tangu uache kuyavaa na kidonda bado kipo, mwone daktari wa meno akiangalie, hata kama hakiumi. Hili nalisisitiza kwa kila mtu, na zaidi kwa anayevuta sigara au kutumia ugoro, kwa sababu saratani ya kinywa huweza kuanza hivyohivyo, kidonda kisichouma ambacho mtu anakilaumu kwa meno bandia miezi mingi.

Sasa gundi. Simlaumu mwanao, alitaka mama yake ale. Ila ajue kwa nini imeshindwa mara mbili. Supa gluu hukauka kwa unyevu, na akriliki ya meno bandia hunywa maji muda wote inapokuwa mdomoni. Ukiipaka, inashika kabla vipande havijakaa sawasawa. Mkatiko mpya una vijino vidogo sana vinavyoingiana, na ndivyo fundi anavyovitegemea kurudisha vipande mahali pake halisi. Gundi ikishavijaza, vipande havikutani tena: vinapishana kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini kaakaa linakisikia. Ndiyo maana yanacheza. Tena gundi hiyo ikishakauka ni ngumu lakini haina mnepo, na mate na maji ya moto huila taratibu, kwa hiyo kila ukitafuna inapasuka kidogo. Kila akiunga upya anaongeza tabaka jingine juu ya lile la kwanza.

Basi naomba mambo mawili. Asiunge tena, na asijaribu kuitoa gundi iliyopo. Najua mtu atafikiria asetoni ya kutolea rangi ya kucha, maana inayeyusha supa gluu. Asetoni inayeyusha na akriliki yenyewe! Nimeletewa meno yaliyolainika kingo mpaka hayana tena mahali pa kukutania. Petroli, tina na spiriti nazo zisiyaguse. Spiriti huacha nyufa ndogondogo zisizoonekana, na nyufa hizo ndizo zinazokuja kukatika baadaye. Msasa na kisu vivyo hivyo. Wapo pia wanaotoboa matundu kwa msumari uliochomwa moto na kushona kwa waya, na wanaotumia gundi ya kuungia vyuma. Kila unachokitoa pale kwenye mkatiko ni kitu ambacho siwezi kukirudisha. Niletewe hivyo yalivyo, na gundi yake, nitaisaga mwenyewe taratibu chini ya taa.

Nieleze kidogo tunavyounga, ili ukifika mahali ujue unapewa kazi ya aina gani. Fundi anavikutanisha vipande mkononi mpaka mstari ufunge. Anadondosha nta ngumu iliyoyeyushwa juu ya mstari, halafu analaza vijiti viwili vitatu kukatisha toka upande huu hadi ule, njiti za kiberiti zinatosha kabisa, na kuvigandisha kwa nta ili vipande visisogee. Upande unaogusa fizi anamimina plasta ya unga, ileile wanayofungia mifupa iliyovunjika. Ikikauka tayari ana umbo la kaakaa lako, na vipande vinaweza kutolewa na kurudishwa juu yake bila kupoteza mahali. Hapo ndipo anausaga mstari na kuupanua, na kingo anazilaza mteremko ili plastiki mpya ipate eneo kubwa la kushika. Plasta inapakwa dawa ya kuzuia isigandamane na plastiki. Kingo zinaloweshwa kwa maji ya akriliki, yale yenye harufu kali inayoingia mpaka machoni. Yanalainisha plastiki ya zamani juujuu ili ipokee mpya. Ndipo unga na maji yake vinawekwa kidogokidogo, kimo kikizidi cha zamani, maana plastiki hii hupungua inapoganda. Kisha yote yanaingia kwenye sufuria ya mgandamizo yenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 na kidogo, kwa dakika kumi au kumi na tano. Mgandamizo huo unazuia vitundu vya hewa. Baada ya hapo ni kusaga kilichozidi na kung'arisha. Mkatiko safi, vipande vyote vipo, ni kazi ya saa chache pale ambapo maabara ipo.

Lakini sitakuficha kitu kimoja. Plastiki hii ya kuungia inaganda yenyewe bila kupikwa. Meno yako yalipotengenezwa mwanzo yalipikwa kwenye maji ya nyuzi 70 na zaidi kwa muda mrefu, na ndipo yakapata uimara wake. Kuyapika tena ni kuhatarisha yapinde, kwa hiyo tunaunga kwa ya baridi, na ya baridi ni dhaifu kuliko ya kupikwa. Hivyo kiungo hakiwi imara kama palivyokuwa kabla ya kukatika. Unaweza kumwomba fundi aimarishe kwa waya au kwa nyuzi za kioo, na ukimwomba, hakikisha waya unakatisha mstari wa mkatiko. Waya uliolala sambamba na mstari haufanyi kazi yoyote.

Tuje kwenye meno yako sita. Mtu akishang'oa meno, mfupa wa taya uliokuwa umeyashika huanza kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Fizi inashuka nao. Meno bandia hayabadiliki, kinywa ndicho kinachobadilika chini yake. Kuanzia 2015 hadi sasa kaakaa lako limeshaachana na lile lililochukuliwa kipimo. Kwako limeongezeka jambo jingine. Chini nyuma huna magego, kwa hiyo unatafunia mbele, pale penye meno yako mwenyewe. Meno yale sita yanapiga sehemu ya mbele tu ya meno bandia ya juu, kila mlo, kila siku. Mfupa wa mbele juu unaisha haraka kuliko kwingine, na ufizi wa hapo unageuka nyama laini. Gusa kwa kidole kilichonawa, pale mbele juu ulipokuwa na meno: ukiona panasogea chini ya kidole, ndicho ninachokisema.

Pembeni pameshuka, lakini katikati ya kaakaa pana mfupa mgumu ambao haupungui kwa namna hiyo. Matokeo yake meno bandia yanakaa juu ya mfupa huo na pande zote mbili zinaning'inia. Ukiuma, pande zinashuka, ukiachia, zinarudi. Ni waya unaokunjwa na kukunjuliwa: hakuna mkunjo mmoja unaoukata, ila mwisho unakatika. Ufa huanzia pale mbele, kwenye kile kikato kidogo kinachopisha uzi wa ufizi unaounganika na mdomo wa juu, kati ya meno mawili ya mbele, halafu unatambaa kurudi nyuma. Siku ile ya kisamvu ulikamilika tu.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari wa meno usiseme tu "niungie". Mwombe akague kama yanacheza juu ya mfupa wa katikati: anabonyeza magego ya kulia, kisha ya kushoto, na kuangalia kama upande wa pili unanyanyuka. Mwombe aangalie meno yanavyokutana. Na muulize kuhusu kujaza upya upande wa ndani, yaani kuchukua kipimo kipya ndani ya meno yaleyale baada ya kuungwa na kidonda kupona, na kuongeza plastiki ili yaukumbatie ufizi ulivyo sasa.

Ushauri wangu kwako ni huu. Yaungwe sasa, yaimarishwe, upate kula na kurudi jumuiya. Lakini hesabu kwamba hayo yaliyoungwa ni ya kukuvusha. Anza kujipanga kwa meno mapya ya juu, na pamoja nayo meno bandia ya nyuma chini, ya kuvaa na kuvua, ili nguvu ya kutafuna irudi kwenye magego na yale sita yapumzike. Mapya ya juu peke yake, chini nyuma pakibaki wazi, yatakutana na kilekile kilichoyakata haya. Watu huniambia chini hapaonekani ukicheka, basi paachwe. Naelewa, fedha hazitoshi kila kitu. Ila kwa kinywa kama chako hayo ya chini ndiyo yanayolinda ya juu, na kama fedha ni ya awamu, awamu isiishie juu.

Kuna hali ambazo nisingeshauri kuunga kabisa: meno yaliyovunjika vipande vingi, yaliyokwisha kuungwa na fundi zaidi ya mara moja palepale, na yale laini yanayopinda ambayo siku hizi yanapendwa. Hayo laini ni jamii ya nailoni na akriliki haishiki juu yake, kwa hiyo mtu anayekuahidi kuyaunga kwa unga wa kawaida anakudanganya. Kipande kikiwa kimepotea bado inawezekana, ila daktari atahitaji kuchukua kipimo yakiwa mdomoni. Jino moja likichomoka ni kazi ndogo; lihifadhi jino lenyewe, usilitupe. Waya wa kushikia ukikatika, usiukunje kwa koleo, mara nyingi unabadilishwa.

Kuhusu mahali. Anzia Kitete, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kliniki ya kinywa na meno. Kwa wasomaji wa Kigoma, mlango wenu ni Maweni. Kabla ya kutoka Urambo tafuta mtu mjini akuulizie, au pitia kwa tabibu wa meno wa wilaya akupigie simu: je, maabara ya meno bandia ipo hapohapo au kazi inatumwa nje, na inarudi baada ya muda gani? Swali hilo litakuokolea nauli na usiku wa kulala mjini bila mpango. Kama inatumwa, hata kama inakwenda Mwanza, ni meno yanayosafiri, mwenyewe unabaki nyumbani. Uliza pia bei kwa mafungu: kuunga ni kiasi gani, kuimarisha kiasi gani, kujaza ndani kiasi gani. Ukiwa na bima, ulizia dirishani kabla ya kazi kuanza kama kutengeneza meno bandia kumo.

Najua wengi hutuma kwa basi, kifurushi apewe kondakta. Kwa mkatiko mpya usioguswa, vipande vikiingiana vizuri, fundi anaweza kuuunga bila kukuona. Kwa wewe haitoshi. Gundi imeshapishanisha vipande, una kidonda, na ufizi umebadilika. Uende mwenyewe, Mwalimu.

Vibebe vipande vyote, hata chembe ndogo iliyodondoka, ndani ya kikopo chenye mfuniko, umevifunga kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi ya kawaida. Visikauke, na visimwagiwe maji ya moto, maana yanayapinda. Usivifunge kwenye karatasi ya chooni. Meno mengi hupotelea jalalani kwa namna hiyo. Kama una kadi ya 2015 au picha yako ukiwa umeyavaa, ichukue, itasaidia utakapofanyiwa mapya.

Kwa siku hizi za kungoja, kula vinavyopondeka: viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, maharage yaliyopondwa, mlenda, kisamvu chako kiendelee, samaki aliyetolewa miiba, mayai. Uji wa karanga zilizosagwa unatia nguvu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yapumzike, na hata ukishapata meno usiyang'ate makavu. Yaloweke au yapikwe. Mahindi ya kuchoma pukuchua kwa kisu, usiyaume kwenye gunzi, kwa sababu kuuma kwa meno ya mbele ndiko kunakonyanyua meno bandia nyuma na kuyakunja katikati.

Yakishaungwa, siku hiyo yalale kwenye maji safi usiku kucha kabla ya kuanza kuyavaa muda mrefu. Plastiki mpya hubakiza kidogo ya yale maji yake makali, na kuloweka kunayapunguza. Ladha ya ajabu siku ya kwanza ni hiyo. Usiondoke kliniki kabla hujayavaa na kuuma mbele ya daktari, akaangalia kama kimo kimebadilika. Mahali pakichuna baada ya siku mbili tatu, rudi apasage, usipasage nyumbani.

Kuyaosha ni kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini, juu ya beseni lenye maji au taulo lililokunjwa, kwa sababu mengi hukatika kwa kuteleza mkononi na kugonga sakafu ya saruji. Majivu, mchanga na mkaa vinayakwaruza na uchafu unapata pa kukaa; hata dawa ya meno inakwaruza. Usiku yavue, yalale kwenye maji, fizi zipumue. Na hayo sita ya chini yapigwe mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, kwa sababu tukija kukutengenezea meno ya nyuma, waya wake utashikia hapo.

Ukifika Kitete ukaambiwa jambo ambalo hukulielewa, niandikie tena ulichoambiwa kwa maneno yao, na ukiweza piga picha ya meno yakiwa mezani upande wa juu na wa ndani. Nitakujibu.